Kipanga au Kilimia: Mwongozo wa Kununua Gari la Familia

Nianze na sifa zangu, maana siku hizi kila mshauri anaulizwa vyeti. Sina gari. Nina miaka kumi na moja nashauri watu wanunue gari gani, na hata asubuhi ya leo nilikuwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbezi, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu, namkataza mtu wa Tabata asilipe hata shilingi kabla hajachungulia chini ya gari. Konda akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia hapana, mimi ni mtaalamu. Usicheke. Kungwi haolewi upya kila anapomfunda mwali.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: Harrier au Forester? Mwenye kuuliza ni mwanaume wa makamo, ana watoto wawili watatu, anaendesha IST iliyomtumikia bila kulalamika, na sasa ameanza kuiegesha mbali na ukumbi wa harusi ili watu wamwone akija kwa miguu tu. Ana pesa ya gari moja na hoja za magari mawili. Shemeji yangu, mume wa dada, aliishi katika hali hiyo kwa miezi minane. Alikonda. Mwongozo huu umetokana na mateso yake, na sijamwomba ruhusa.

Kanuni moja kabla hatujaanza: usitaje Noah. Najua unaifikiria. Noah inabeba watu wanane, milango yake ya nyuma inateleza kama ya kabati la vyombo, injini yake ni cc 1,998, na spea zake utazipata hata kwenye kibanda cha vocha. Lakini hapa hatuzungumzii gari linaloifaa familia. Tunazungumzia gari la familia.

Hatua ya kwanza ni kujua unachagua kati ya nini na nini. Harrier ni jina la ndege mwindaji, jamii ya kipanga, na ndiyo maana pua ya gari, katika matoleo yaliyojaa mitaani kwetu, ina nembo ya ndege badala ya yale maduara ya Toyota. Ilizaliwa Desemba 1997, na pacha wake akapelekwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Kwa hiyo mwenye Harrier hasemi ana Toyota. Husema, kwa sauti ya chini ya mtu anayefichua ukoo wa kifalme, "Hii kimsingi ni Lexus." Toleo la pili, la mwaka 2003 na kuendelea, ndilo lililoiteka Dar es Salaam, ila mtaa ulilitazama kwa nyuma ukaliita tako la nyani. Lifikirie hilo kabla hujatoa fedha: unalipa mamilioni, unatamka Lexus, na kijana wa kuosha magari anamwita mwenzake, "Njoo tumalizie hii tako la nyani."

Forester ni ya Subaru, na Subaru nalo si neno geni kama linavyosikika. Wajapani huita hivyo lile kundi la nyota ambalo babu zetu walilijua kwa jina la Kilimia, jina lililozaliwa na kulima, kwa kuwa wakilitazama lilipo angani walijua shamba linawaita. Itazame nembo: nyota sita, moja kubwa na tano ndogo, kumbukumbu ya kampuni tano zilizoungana mwaka 1953. Basi ukiondoa Kiingereza na Kijapani, unabaki na kipanga upande huu na Kilimia upande ule: ndege anayebeba vifaranga vya watu, na nyota zinazokuambia uamke ukalime. Nilipomweleza shemeji hivyo alinyamaza kama mtu aliyeguswa, kisha akauliza, "Sasa ipi ina buti kubwa?"

Hatua ya pili ni hesabu, na hapa tukae kidogo.

Shemeji anaishi Mbezi, anafanya kazi Posta, na kwao ni Kibosho, huko Kilimanjaro. Kama unawajua watu wa kule, unajua kwamba Desemba ikifika Dar es Salaam hupumua. Foleni yote inahamia Chalinze, Segera, Korogwe, Same, hadi Moshi. Mwaka mzima wa shemeji unaenea kwenye karatasi moja. Kwenda na kurudi kazini ni karibu kilometa 50 kwa siku. Siku tano kwa wiki, wiki 48, jumla 12,000. Kwenda Moshi kilometa kama 560, na kurudi vilevile: 1,120. Ndani ya hizo, kuanzia lami inapoishia hadi kwa babu yake, kuna kilometa nne za udongo mwekundu ambao ukinyeshewa unateleza kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Nne kwenda, nne kurudi. Nane.

Kilometa nane katika elfu kumi na tatu na ushei. Haifiki hata moja katika elfu. Na kwa ajili ya hizo nane, shemeji alikuwa tayari kununua Forester, gari ambalo injini yake huyasukuma magurudumu yote manne wakati wote, Januari hadi Desemba, hata likiwa linatambaa nyuma ya lori la mchanga pale Kimara.

Nilimwandikia yote hayo, nikapigia mstari ile nane, nikajiona nimemaliza kazi. Dada akaichukua karatasi, akaisoma, akanirudishia.

"Hizo elfu kumi na mbili nani anaziona?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kilometa za foleni hazina shahidi; kila mtu ameinamia simu yake. Zile nane za Kibosho zina babu kwenye kiti chake, baba wadogo watatu, paroko, na yule binamu wa Arusha ambaye mwaka juzi alikipanda kilima kile bila kupunguza mwendo, akasimama juu kabisa, akashuka, akaegemea boneti na kusubiri wenzake. Wewe unadhani watu hununua gari kwa ajili ya barabara? Hununua kwa ajili ya yule aliyeegemea boneti.

Kwa hiyo tuyape matope heshima yake. Forester za toleo la tatu na la nne, ambazo ndizo nyingi kwa sasa, zina nafasi ya sentimita 22 hivi kati ya tumbo na ardhi. Harrier iko chini zaidi, na, jambo ambalo wengi hulijua siku wameshachelewa, Harrier nyingi zilizoingia nchini huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Usimuulize dalali. Kwa dalali kila chenye matairi manne ni "fo wili". Piga magoti, chungulia chini. Kama huoni propela ikienda nyuma na difu katikati ya magurudumu ya nyuma, huyo ni muungwana wa lami, muache na lami yake. Suruali itachafuka, ndiyo. Afadhali ichafukie yadi ya Kinondoni kuliko Kibosho mbele ya paroko.

Kwenye lami, lakini, muungwana ni muungwana. Harrier imejengwa juu ya mifupa ya Camry, na ukikaa ndani unajua: ni sebule iliyowekewa usukani. Inapita kwenye matuta ya Mbezi kama mtu mnene anayekaa kwenye sofa. Forester inakueleza habari za kila tuta, inakukumbusha na la jana. Ina vioo vikubwa na unaona kona zote nne za gari, jambo linalofaa sana unapozungukwa na bajaji, lakini hakuna mtu aliyewahi kusifiwa harusini kwa kuwa na vioo vikubwa.

Kuna wanaotaka Harrier ya silinda sita, ya cc 2,994, kwa sababu ina nguvu za farasi 220. Sawa. Barabara ya Moshi ina vijiji, kila kijiji kina kibao cha 50, na baada ya kila kibao kuna mwembe, na chini ya mwembe kuna trafiki mwenye tochi. Tochi haiulizi silinda ngapi. Faini ni shilingi 30,000 kwa kila kosa, na shemeji mwaka mmoja alilipa mara mbili kabla ya Korogwe akiwa na IST. Sasa mpe farasi 220.

Mafuta sitakaa nayo sana, kwa sababu ni mada ambayo kila mwenye gari hudanganya. Mimi nimezihesabia hivi: Harrier ya cc 2,362 kwenye foleni ya Dar, kilometa 8 kwa lita, Forester ya cc 1,994, kilometa 9. Wenye magari wamenibishia wote, kila mmoja akidai anapata 13, kumbe alipima akishuka Kitonga. Tuchukue lita kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, maana bei yenyewe EWURA huitangaza upya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi na siku hiyo si vizuri kuzungumza na mtu mwenye gari. Kwa zile kilometa 12,000 za kazini, Forester inakuachia karibu nusu milioni kwa mwaka. Itunze. Utaihitaji tukifika kwa fundi.

Hatua ya tatu ni kodi, na hapa Serikali imekurahisishia kuliko unavyodhani. Wewe unaona viti vya ngozi, Serikali inaona cc. Kuna ushuru wa forodha, asilimia 25, huo haubagui. Kisha kuna ushuru wa bidhaa: injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 inatozwa asilimia 5, ikizidi hapo asilimia 10. Juu ya yote hayo inakuja VAT, asilimia 18, ikihesabu na ushuru uliokwisha kulipa. Basi cc 362 zilizozidi kwenye Harrier ya 2.4 zinakugharimu kabla hazijakusogeza hata mita moja. Utasema, mbona Harrier za kuanzia mwishoni mwa 2013 zina injini ya cc 1,986? Ni kweli, na bei yake inakusubiri hapo mlangoni na fimbo. Ukikimbilia la zamani zaidi, gari lenye zaidi ya miaka minane linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likizidi kumi mzigo unakuwa mzito zaidi. Rafiki yangu wa Nairobi hunicheka nikimweleza hesabu hizi. Kwao gari la mtumba likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kabisa, kwa hiyo wenzetu wameondolewa majaribu.

Shemeji alibishana na muuzaji wa Japani kwa barua pepe wiki nzima, saa nane za usiku, akapunguziwa dola mia na hamsini. Alifurahi mpaka akatuita tule. Nilimwachia amalize nyama ndipo nikamwambia kwamba kikokotoo cha TRA kina thamani yake kwa kila gari, na hakisomi barua pepe za mtu.

Sasa fundi. Usimuulize fundi gari lipi ni bora. Fundi atakutajia lile analojua kulifungua, na kama ana ndugu anayeuza spea Ilala au Gerezani atakutajia lile ambalo ndugu yake amelijaza dukani. Fundi wa Toyota yuko chini ya kila mti. Ukikwama popote kati ya Chalinze na Same, ukafungua boneti, atatokea mtu na spana namba kumi na mbili hata kama hapakuwa na nyumba. Fundi wa Subaru ni mtu mwingine. Huyo ana ovaroli safi, haji ulipo, unaenda alipo, na kabla hajagusa gari hukuuliza nani aliligusa mwanzo, kwa sauti ya daktari aliyeletewa mgonjwa kutoka kwa mganga.

Ana sababu. Injini ya Subaru haikusimama kama za watu. Silinda zake zimelala ubavu, mbili kulia mbili kushoto, zinapigana ngumi. Kwa sababu imelala, uzito wa gari unakaa chini na linashika kona vizuri sana. Kwa sababu hiyohiyo plagi ziko ubavuni, karibu na chesesi, na fundi mwenye mikono minene hutukana. Injini zile za zamani zina taiming belti ya kubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikuta dashibodi inasoma 98,000 na muuzaji anasema hajui habari za belti, jua anazijua. Toleo la tatu lilipofika mwishoni mwa 2010 lilianza kuwekewa injini yenye cheni, na hapo usingizi ukarudi. Toleo la nne lina gia boksi ya CVT inayotaka oili yake maalumu. Fundi akikuambia "oili ni oili tu bosi", chukua ufunguo wako, msalimie, ondoka.

Halafu kuna tairi, na hili ndilo lililomuumiza shemeji. Yeye hununua tairi kama watu wanunuavyo mashati ya mtumba: moja leo, moja mwezi ujao, mradi inapendeza. Gari linalosukuma magurudumu manne kwa pamoja halitaki hivyo. Tairi moja mpya na tatu zilizokwisha hazizunguki sawasawa, na ugomvi wao humalizikia kwenye difu ya katikati, ambayo si kitu cha kununua kwa mshahara mmoja. Tairi za Forester hununuliwa kama viti vya meza ya chakula, seti nzima. Nusu milioni yako ya mafuta, naona umeshaiaga.

Wenye Harrier wasishangilie. Baadhi ya zile injini za 2.4 zimejulikana dunia nzima kwa kunywa oili, tena kimyakimya, bila moshi wa kuwashtua majirani. Chomoa kile kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Ukikuta kikavu na muuzaji akasema "jana tu tumeongeza", amekuambia ukweli kuliko alivyokusudia.

Kufikia hapa utasikia hoja ya bei ya kuuzia, kwamba Toyota ukiiweka sokoni asubuhi jioni imeondoka. Ni kweli. Lakini nimewaona watu walioishi na hoja hiyo. Hawatoboi dashibodi, hawabandiki stika, watoto hawali karanga ndani, nailoni ya viti haijatolewa tangu bandarini. Wanamtunzia gari mtu wasiyemjua, na mafuta wanaweka wao.

Kijiweni nako pita, ila usikae. Pale Mbezi kuna jamaa hutumia jina la Safari Rally kama wengine watumiavyo Maandiko. Atakukumbusha kwamba Colin McRae alishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwa Subaru. Ni kweli kabisa. Zilikuwa Impreza, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na gunia la mkaa, mikungu miwili ya ndizi na mtoto anayetapika.

Kuna jambo moja ambalo magari yote mawili yametoka sare, nalitaja ili usipoteze muda kulilinganisha. Yote yana yule dada wa Kijapani. Kila asubuhi ukiwasha gari anakusalimia kwa adabu na kukujulisha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Watoto wa jirani yangu wamemkariri, wanamwigiza vizuri kuliko wanavyosoma Sala ya Bwana. Na yote yana redio inayoishia 90, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia chini kuliko ya kwetu, mpaka ufungiwe kidude cha kuyapandisha. Kabla ya hapo familia itasikiliza stesheni zilezile mbili na kuzizoea.

Sasa tumefika hatua ya mwisho, ambayo watu huiruka kwa sababu haihitaji utaalamu: peleka familia yadi. Si mkeo peke yake aliyevaa miwani ya jua, hapana. Wote. Wakae kila mtu mahali pake, walete na mizigo.

Mwezi wa Novemba, baada ya miezi minane, dada alichoka kusikiliza cc. Fungu lake la kikoba lilikuwa limetoka, nusu ya fedha za gari ilikuwa yake, na mwaka huo wakwe zake walikuwa wamemwalika mama yetu akale Krismasi Kibosho. Jumamosi akatubeba sote: shemeji, watoto watatu, mama, na mimi mtaalamu. Yadi ilikuwa na Harrier nyeupe na Forester ya kijivu zimeegeshwa ubavu kwa ubavu, kama zilijua. Dalali alizipangusa kwa kiwiko. Harrier ilikuwa ya dada wa benki, alisema, ilikuwa inaenda kanisani tu. Forester ilikuwa ya mchungaji. Inaelekea ilikuwa inaenda benki tu.

Mama aliingia Harrier. Akashika mlango, akageuza mgongo, akaketi kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja mmoja kwa mikono, maana magoti yake hayapatani naye siku hizi. Watoto wakajipanga pembeni yake, watatu, na hapo tukagundua kwamba siti za nyuma zimekwisha na mimi bado nimesimama nje. Tukahamia Forester. Mama akageuza mgongo, akaketi, akaingiza mguu, akapumzika, akaingiza wa pili. Watoto. Mimi nje. Shemeji aliniangalia kwa jicho la mtu anayejiuliza kama mtaalamu ni lazima aende Kibosho.

"Na lile?" mama akauliza.

Alikuwa ananyoosha kidole nyuma ya magari yote mawili, ukutani, kwenye kivuli cha mkungu. Shemeji hakugeuka. "Lile la abiria, mama," alisema.

"Mimi si abiria?"

Mlango wa Noah uliteleza, mama akapanda kwa hatua moja fupi, akakaa, akaitandaza kanga yake magotini. Watoto wakaingia hadi siti ya nyuma kabisa, wakaanza kugombana wakiwa na nafasi ya kugombania. Dada aliingia mbele. Mimi nikaingia. Shemeji alibaki nje, kati ya kipanga na Kilimia, ameshika funguo za magari mawili ambayo si yake. Dalali, ambaye kwa nusu saa hakuwa ametaja Noah hata mara moja, alisema ilikuwa ya bibi mmoja mstaafu.

Hofu ya shemeji naielewa, na wewe unayetoka Kaskazini unaielewa zaidi. Dar es Salaam Noah ni gari la mtu. Ukivuka Same, likifika Moshi na Arusha, ni usafiri wa umma. Ukipita taratibu watu wanakupungia, na wao wako sahihi.

Basi, tarehe 23 Desemba tulifika Moshi bila faini, kwa sababu hakuna aliyetamani kwenda kasi. Tulipoacha lami kulikuwa kumenyesha. Noah yetu ina magurudumu mawili yanayosukumwa na injini. Katikati ya kilima yalianza kuzunguka bure, kwa hiyo tukashuka watano, wawili wakiwa bado na meno ya utoto, tukalisukuma gari, huku mama amebaki ndani akitupa maelekezo. Lilipanda. Binamu wa Arusha alikuwa juu, ameegemea boneti, na akalazimika kuja kusaidia kwa sababu babu alikuwa anamtazama.

Siku ya pili yake tulikuwa tunashuka mjini kununua soda. Tulikuwa saba, siti moja tupu. Pale njia panda bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi alinyoosha mkono, na shemeji, naapa, alikanyaga breki kabla hajafikiri. Kukawa kimya ndani ya gari. Bibi alikuwa ameshafika mlangoni na mkungu wake. Miaka kumi na moja ya daladala ikanitoka yote kwa pamoja: nikauvuta mlango, nikapokea mkungu, nikawaambia watoto wasogee, "sogea, sogea, kuna nafasi," nikamkalisha bibi karibu na mama, nikaufunga mlango na kugonga bati mara mbili.

Shemeji aliondoa gari bila kugeuka nyuma. Tulikwenda kama mita mia mbili hivi. Kisha akanitazama kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini, ileile wanayotumia wenye Lexus:

"Mwambie ni elfu moja."